Sifuri ya Wiki Ijayo

Kabla hajaniuliza jina, alinivuta kope ya chini ya jicho kwa kidole gumba, akainamisha kichwa kama fundi saa, akatazama. Kisha akahamia jicho la pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bahasha ya vyeti kifuani, nguo nimezipiga pasi mara mbili, na nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya aina nyingine kabisa.

"Meupe," alisema. "Karibu ofisini, mwanangu. Hicho kiti kina mguu mgonjwa, kalia upande wa ukutani."

Hicho ndicho nilichokiona kwanza kwake. Wako watu wanaotazama viatu vyako, wako wanaotazama mikono. Yeye hutazama weupe wa macho. Huwatazama wauza karanga, mapadri, mashehe na maharusi. Mkaguzi mmoja aliyetoka makao makuu kuja kukagua hesabu za ofisi alivutwa kope kabla hajaweka mkoba chini, na nimeambiwa kwamba siku hiyo ukaguzi ulikwenda haraka kuliko kawaida.

Katika ofisi yetu ya afya ya wilaya wote wanamwita Bi Sifuri. Jina hilo limetokana na Jumatatu. Kila Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, huvuta kiti hadi kwenye dirisha linalotazamana na ghala la hospitali, maana hapo ndipo pekee simu inaposhika mtandao. Hufungua daftari lake lenye jalada jekundu, akazipigia zahanati zote thelathini na moja, moja baada ya nyingine. Swali ni lile lile: wiki iliyoisha, mmempokea mgonjwa yeyote mwenye homa, ambaye macho yamegeuka manjano kabla ya wiki mbili kwisha tangu homa ianze? Hiyo ndiyo dalili ya kumfanya mtu ashuku homa ya manjano. Na jibu, kwa miaka mingi, limekuwa sifuri.

"Zahanati ya mlimani, hamjambo? Sifuri? Asante. Na goti la mumeo limepoa? Mwambie aache kupanda juu ya paa, yeye si paka."

Mimi nimesomea takwimu. Wiki yangu ya kwanza nilipiga hesabu nikamwonyesha kwamba kwa mwaka anakusanya sifuri elfu moja mia sita na kumi na mbili. Nilidhani atashtuka. Alivua miwani, akatabasamu kama mtu aliyesifiwa wajukuu.

"Na zote nimeziomba kwa mdomo wangu," alisema.

"Lakini mama, si wangepiga simu siku wakimpata mgonjwa tu? Tungeokoa muda."

"Asipopiga, utajuaje kama hajaona, au hakutazama, au simu yake imetumbukia kwenye ndoo? Akiniambia sifuri, ameniambia ametazama. Akinyamaza hajaniambia kitu." Akarudi kwenye simu. "Halo? Zahanati ya njia panda? Mbona unahema, binti, unakimbizwa?"

Nyumbani kwake ni nyuma ya karakana ya mumewe, fundi wa viti na makochi, mzee mwenye kucheka kwa mabega. Nilialikwa chakula Jumapili ya pili. Tulikula tukizungukwa na makochi yaliyotobolewa matumbo, na mzee alinilalamikia mbele ya mkewe bila woga wowote.

"Wewe ni msomi, niamulie. Nimeoa mwanamke ambaye kila asubuhi, miaka thelathini sasa, akiamka tu ananitazama machoni. Na hata siku moja haikuwa kwa mapenzi."

"Ukitaka ya mapenzi nitakutazama jioni," alijibu Bi Sifuri, akimwongezea mchuzi.

"Jioni amechoka huyu! Jioni ananitazama kama anasoma gazeti la jana."

Mzee alipokwenda kufunga karakana ndipo nilipomuuliza alivyoanza. Alinieleza kwa ufupi, huku akikusanya sahani. Alipokuwa muuguzi mpya, walikuja hospitalini wachimba visima wanne. Hawakuja pamoja. Walikuja siku tofauti, wakapokewa na zamu tofauti, wakaandikwa kwenye kurasa nne tofauti za daftari. Wa nne alikuwa mcheshi, alimwita yeye shemeji tangu alipolazwa, akafariki siku ya tatu. Baada ya hapo Bi Sifuri alifungua daftari nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akawakuta wote wanne: kisima kimoja, homa moja, macho ya rangi moja.

"Hakuna aliyefanya makosa," alisema. "Kila mmoja wetu alimwona mtu mmoja tu. Aliyekosekana ni wa kuwapanga mstari." Kisha akaniuliza kama nitachukua chakula kilichobaki, kwa sababu mzee hudokoa makombo akidhani hajaonwa.

Nilimkumbuka yule mchimba visima Jumatatu ambayo sasa naieleza.

Zahanati ya ishirini na tatu katika orodha iko ukingoni mwa msitu, mwendo wa saa tatu kwa gari, jirani na kiwanda cha kupasua mbao. Mganga wake ni kijana mrefu mno. Wenzake wanamwita Mlingoti, na dari ya zahanati hiyo ina alama za paji la uso wake. Ni mchapakazi. Yuko peke yake na muuguzi mmoja, na huzalisha, hufunga vidonda, hugawa dawa na hutengeneza bomba la maji kwa mikono yake mwenyewe.

Bi Sifuri alikuwa ameweka simu kwenye spika ili anywe chai.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya Mlingoti.

"Marahaba mwanangu. Leteni habari."

"Wiki ya thelathini na tisa, sifuri."

Kikombe kilisimama nusu ya njia.

"Wiki ya ngapi umesema?"

"Thelathini na tisa, mama. Sifuri."

"Jana tumemaliza ya thelathini na nane. Ya thelathini na tisa imeanza leo asubuhi, haijafikisha hata saa nne. Umeyajuaje ya Jumapili ijayo, mwanangu? Umekuwa mtabiri?"

Kwenye spika alisikika kuku, kisha mtoto akilia, kisha mlango.

"Nimeruka mstari, mama," alisema Mlingoti, kwa sauti ndogo isiyolingana na urefu wake.

"Mstari unaofuata tayari una sifuri?"

"Ndiyo, mama."

"Na unaofuata huo?"

"...Hadi Desemba, mama."

Kumbe mwezi Januari, siku moja ya mvua ambapo wagonjwa hawakuja, alikaa mezani akaijaza karatasi ya mwaka mzima, wiki hamsini na mbili, sifuri zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Alitaka kujipunguzia kazi. Alikusudia kwamba akimpata mgonjwa atarekebisha.

Bi Sifuri hakupandisha sauti. Alimalizia zahanati nane zilizobaki, akauliza habari za goti jingine, akafunga daftari. Kisha akasimama, akachukua kisanduku cha barafu juu ya kabati, na kumwita dereva wetu, ambaye tunamwita Kapteni kwa sababu huendesha gari la ofisi kana kwamba lina abiria mia tatu.

"Kapteni, gari linawaka?"

"Linawaka likisukumwa, Bi Mkubwa."

"Basi tusukume."

Tulifika saa saba na nusu. Mlingoti alitupokea nje, amejikunja kidogo, kama anayetafuta mlango mfupi wa kutokea. Bi Sifuri alimvuta kope, akasema "meupe", akaomba daftari la wagonjwa. Hakugusa ile karatasi ya sifuri. Alifungua daftari pale kwenye benchi la kina mama wenye watoto, akalamba kidole, akaanza kusoma kutoka nyuma kwenda mbele, na mimi nikaambiwa niandike.

Siku kumi na mbili nyuma: mwanamume, kiwanda cha mbao, homa, maumivu ya kiuno, kipimo cha malaria hakuna kitu. Siku saba nyuma: mwanamume, kiwanda cha mbao, homa, kutapika, kipimo hakuna kitu, na pembeni kwa mwandiko mdogo, "macho kama chai ya rangi". Siku tatu nyuma: mwanamume, kiwanda cha mbao, homa tangu siku nne, macho manjano.

"Huyu wa tatu ulimwona mwenyewe?"

"Nilimwona, mama."

"Na ukaandika macho manjano."

"Niliandika. Nilimpa dawa, nikamwambia arudi. Ila ile karatasi ya wiki... ilikuwa imeshajazwa."

Nilimtazama Bi Sifuri, nikisubiri radi. Alitoa kalamu mfukoni, akampa.

"Kwenye hati ya serikali hatufuti. Unachora mstari mmoja juu ya kosa, unaweka tarehe, unatia saini. Anza na ya wiki iliyopita, andika ukweli. Kisha zilizobaki hadi Desemba, kila moja na saini yake. Halafu utamwandikia mganga mkuu barua mwenyewe, kwa mkono huo huo. Mimi nitaipeleka."

"Saini kumi na nne, mama?"

"Kumi na tano. Hesabu vizuri, uko na mtakwimu hapa."

Aliketi akatia saini, ulimi ukiwa umetoka pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha alisimama bila kuambiwa, akachukua koti lake. "Nawapeleka kwa mgonjwa," alisema. "Najua kibanda chake."

Kiwanda kile ni kelele tupu. Misumeno inalia, magogo yanadondoka, unga wa mbao unaruka hadi watu wote wanaonekana kama waliooka mikate. Wafanyakazi ni themanini na sita, wote hulala kwenye vibanda vya mabanzi vilivyopangwa kando ya msitu. Mgonjwa wetu alikuwa mkereza mbao wa makamo, amejifunika blanketi mchana wa jua, macho yake kama ganda la limau. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Umewahi kuchanjwa homa ya manjano?" Bi Sifuri alimuuliza, akifunga mpira mkononi mwake.

"Nilichanjwa, mama. Kovu hili hapa begani."

"Hilo ni la kifua kikuu, ulichanjwa ukiwa hujui hata kukaa."

"Basi nilidhani linatosha kwa yote. Nimelitunza vizuri."

Alicheka, na Bi Sifuri akachukua damu wakati akicheka. Wale wawili wengine walikuwa wamepona na wamerudi kazini. Nao walitoa damu, mmoja akifumba macho na kumwomba Mlingoti amshike mkono. Chupa tatu ziliingia kwenye barafu. Mgonjwa alitandikiwa chandarua, na Bi Sifuri akakikagua tundu kwa tundu. Aliwaeleza waliokusanyika kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kula pamoja. Mbu ndiye mchukuzi. Anamuuma mgonjwa, anasubiri siku zake, kisha anamuuma mzima. Na yule aliyeumwa anaweza kutembea siku tatu hadi sita anajisikia vizuri kabisa, kumbe amebeba.

Ndipo msimamizi wa kiwanda, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, aliposema neno lililombadilisha Bi Sifuri uso.

"Haya, mtuangalie basi kabla hatujaondoka. Jumamosi ya wiki ijayo tunafunga msimu. Magari yanakuja saa sita mchana kuwapeleka wote mjini."

Mjini ni kwetu. Watu laki moja na ushei, mapipa ya maji kila ua, matairi chakavu kila kona, na mbu wa mchana wanaojua milango yote. Watoto wa siku hizi wamechanjwa. Watu wazima wengi wamepitwa, kama mkereza mbao na kovu lake. Akiingia mtu mmoja mwenye virusi kwenye damu, ugonjwa ungekuwa umetoka msituni na kuhamia sokoni.

"Siku kumi na mbili," Bi Sifuri alisema polepole. Alikuwa akiongea na nafsi yake.

Kazi ilianza pale pale. Alizunguka na kata ya plastiki, akichota maji kwenye kila pipa, kopo na tairi, akituonyesha viluwiluwi vya mbu vikicheza juu chini. Wafanyakazi, ambao muda mfupi kabla walikuwa wanamcheka, walianza kushindana. "Mama, njoo kwangu, nina wengi kuliko huyu!" "Wako wamekonda, mama, wangu wana vitambi!" Msimamizi akapuliza filimbi, na mapipa themanini yakapinduliwa kabla jua halijashuka. Walimpa jina papo hapo: Mama Macho.

Sampuli ilifika maabara kuu asubuhi iliyofuata, Kapteni akiwa amekishika kisanduku mapajani kila alipoegesha gari. Kisha tukasubiri. Sijawahi kumwona Bi Sifuri akisubiri kabla ya hapo. Hakuwa mzuri katika kusubiri. Alipanga kabati la faili kwa rangi, akalipanga tena kwa ukubwa. Alimpigia Mlingoti mara tatu kwa siku, na Mlingoti sasa alikuwa akitaja tarehe, saa na dakika kabla ya kutoa taarifa. Mkereza mbao anakula. Mkereza mbao amesimama. Mkereza mbao anagombana na mpishi. Mgonjwa mpya hakuna.

"Hakuna, au hujatazama?"

"Nimewatazama themanini na sita, mama, mmoja mmoja. Shingo inaniuma kwa kuinama."

Jumanne ya wiki iliyofuata majibu yalikuja: watu wawili kati ya watatu, damu yao ilionyesha dalili ya virusi vya homa ya manjano. Sampuli nyingine ilipaswa kwenda maabara kubwa zaidi kwa uthibitisho, na huo ungechukua wiki kadhaa.

Mganga mkuu wetu ni mtu mwangalifu. Alisoma karatasi mara mbili, akasoma na barua ya Mlingoti, akasema tusubiri uthibitisho kabla ya kuomba chanjo, asije akaonekana amepiga kelele bure. Bi Sifuri aliweka mezani mistari yangu mitatu niliyonakili kutoka kwenye daftari la wagonjwa.

"Bosi, nikikosea, watu themanini na sita watakuwa wamechanjwa chanjo nzuri inayodumu maisha, na mimi nitachekwa. Kuchekwa nimezoea, naishi na fundi wa viti. Tukisubiri na nikawa sijakosea, utahitaji chanjo za mji mzima."

Mganga mkuu alitazama karatasi. Kisha akamtazama yeye, akavuta simu.

Ghala kuu lilikubali kutoa dozi mia moja. Lakini ugumu mmoja ulibaki, kwa sababu chanjo hiyo huchukua siku kumi kujenga kinga. Wafanyakazi wangepaswa kuchanjwa na bado kubaki msituni siku kumi zaidi, wakati mizigo imeshafungwa na wake zao wameshapigiwa simu. Alhamisi Bi Sifuri alipanda juu ya gogo kuwaomba.

"Siku kumi! Mama, mimi mtoto wangu amezaliwa sijamwona!" alisema mmoja.

"Ndiyo maana nataka umkute salama, baba."

"Na chanjo yenyewe tunaiona? Tutakaa hapa tukingoja maneno?" aliuliza mwingine, na wengi wakaunga mkono.

Mkereza mbao, ambaye sasa alikuwa amesimama mstari wa mbele na sufuria ya uji, alitoa pendekezo. Chanjo ikifika kabla ya saa sita mchana wa Jumamosi, watakaa siku kumi bila kunung'unika. Isipofika, watapanda magari. Walipiga kura kwa mikono, msimamizi akapuliza filimbi, ikawa imepita. Naye akaahidi kuwatafutia kazi ya kupanga mbao siku hizo zote.

"Mnanibana," alisema Bi Sifuri.

"Wewe ndiye uliyetufundisha kudai ushahidi, Mama Macho!"

Leo ni Jumamosi. Naandika haya nimekaa juu ya rundo la mbao, na saa yangu inasema saa tano na dakika thelathini na tano. Magari matatu ya kuwachukua wafanyakazi yamefika tangu saa nne. Madereva wake wamelala chini ya kivuli cha magurudumu. Mabegi yamepangwa upande mmoja wa uwanja. Upande wa pili Mlingoti ametandika meza kwa shuka jeupe, amepanga pamba, sindano na kadi themanini na sita alizoandika majina jana kwa mkono wake. Watu wamesimama katikati, si kwenye mabegi wala kwenye meza, na wanabishana kwa sauti kubwa kama saa ya msimamizi inakwenda mbele.

Mara ya mwisho Kapteni, aliyekwenda ghala kuu kuchukua chanjo, alipopiga simu alikuwa amevuka daraja. Alisema gari linakwenda vizuri, kisanduku kiko baridi, na kwamba asipigiwe tena kwa sababu anahitaji mikono yote miwili. Kutoka darajani ni nusu saa kwa dereva wa kawaida. Kapteni si dereva wa kawaida, ila hatujui leo ameamua kuwa wa namna gani.

Bi Sifuri amesimama barabarani, amevua viatu ili asikie vizuri, kama anavyodai. Msimamizi ameamuru misumeno yote izimwe. Dakika moja iliyopita mkereza mbao ameinua mkono.

"Nyamazeni! Ile si injini?"

Wote wamenyamaza. Hata wale madereva wameamka. Kuna kitu kinanguruma nyuma ya kona ya msitu, mbali bado, kinapanda mlima kwa gia ndogo, na watu themanini na sita wanasogea barabarani hatua kwa hatua kukitazama kikitokea.